Binti yangu anashinda kila mechi ya rika lake: apande ngazi gani ya mashindano ya tenisi?

Swali: Kocha, salamu. Binti yangu anatimiza miaka 12 mwezi wa Oktoba. Alishika raketi akiwa na miaka sita, na mwaka huu hakuna msichana wa rika lake aliyemfunga, si klabuni wala kwenye mashindano ya eneo letu. Kocha wake anataka aanze kucheza na wa chini ya miaka 14 sasa hivi, na akifikisha 13 aingie mashindano ya kimataifa. Baba yake anasema mtoto bado mdogo, aachwe. Mimi nimebaki katikati. Hizo chini ya 12, chini ya 14, J30 na J60 zinanichanganya. Ngazi zikoje hasa, na nitajuaje kwamba wakati wa kupanda umefika?

Jibu: Salamu, mama. Nitaanza na sehemu ya mwisho ya swali lako, kwa sababu ndiyo inayoamua mengine yote. Kocha na baba wanabishana juu ya umri. Umri unasema mtoto anaruhusiwa kucheza wapi. Anapostahili kucheza hujulikana kwa matokeo yake, na kipimo ambacho makocha wengi wanakitumia ni chepesi: mtoto anayekua vizuri hushinda takriban mechi mbili kwa kila moja anayopoteza. Chukua mechi zake 15 au 20 za mwisho uzihesabu. Akiwa ameshinda karibu zote, ngazi hiyo imekwisha kumfundisha. Akiwa amepoteza zaidi ya nusu, ngazi imemzidi, hata kama jina la mashindano linapendeza.

Kwa kipimo hicho kocha ana hoja. Mtoto ambaye hajafungwa mwaka mzima hajalazimika kutafuta njia ya kutoka kwenye shida. Sevu ya pili anaipiga taratibu na hakuna anayemwadhibu. Mpira mfupi anaurudisha katikati ya uwanja na bado anapata pointi. Makosa hayo hayaonekani mpaka akutane na mpinzani anayeweza kuyatumia, na kadiri anavyochelewa kukutana naye ndivyo yanavyozidi kuota mizizi. Ila baba naye ana hoja, nami nitaifikia.

Sasa ngazi zenyewe. Ya kwanza kabisa binti yako ameshaivuka, kwa hiyo nitaipita upesi, ingawa ndiyo iliyobadilika kuliko zote katika miaka ya karibuni. Tangu Januari 2012 kanuni za tenisi duniani zinakataza mpira wa kawaida wa njano katika mashindano ya watoto wa miaka 10 kwenda chini. Wadogo zaidi huanza na mpira mwekundu, ambao huenda polepole kwa kiasi cha asilimia 75 kuliko wa kawaida, kwenye uwanja wa urefu wa mita 11 hivi na wavu wa sentimita 80. Wakikua huenda kwenye mpira wa rangi ya chungwa na uwanja wa mita 18, kisha mpira wa kijani kwenye uwanja kamili wa mita 23.77. Sababu yake ni ya kimwili: mpira wa njano ukidunda humpita mtoto wa miaka saba juu ya bega, naye hulazimika kushika raketi vibaya ili aufikie. Ukiwa na mdogo wake nyumbani, usimharakishe kuvuka rangi hizo. Mtoto anayejifunza kujenga pointi kwa mpira wa chungwa hufika kwenye mpira wa njano akiwa na mchezo, wakati aliyeharakishwa hufika akiwa na nguvu za kurudisha tu.

Baada ya hapo makundi ya umri ni chini ya 12, 14, 16 na 18, yaani wa umri huo kwenda chini. Ndani ya kila kundi kuna mashindano ya klabu, ya eneo, ya taifa, na kuanzia umri fulani ya bara na ya dunia. Majina hutofautiana nchi na nchi. Marekani, kwa mfano, huyapanga kwa namba kutoka 7, iliyo ya kuanzia, hadi 1, iliyo ya juu kabisa. Kwingine hutumia alama za herufi au nyota. Usihangaike na majina. Uliza maswali mawili: nani hukubaliwa kuingia, na mshindi hupata pointi ngapi. Majibu hayo yatakuonyesha mahali pa mashindano hayo katika mpangilio wote.

Hapa kuna jambo ambalo nadhani hamjalizungumza nyumbani, nalo linapunguza ugomvi kwa kiasi kikubwa. Katika mashindano ya kimataifa, na katika nchi nyingi, kundi huhesabiwa kwa mwaka wa kalenda. Mtoto anayetimiza 12 Oktoba huhesabiwa ni wa 12 tangu Januari ya mwaka huo, na ikifika Januari inayofuata analazimika kuhama kundi la chini ya 12, hata kama siku yake ya kuzaliwa iko mbali. Kwa hiyo, kama hesabu ya kwenu ni hiyo, kocha na baba wanabishana juu ya miezi michache. Binti atakuwa kundi la chini ya 14 hata hivyo. Marekani hesabu ni tofauti, hufuata mwezi wa kuzaliwa, basi thibitisha na chama chenu cha tenisi kabla ya kupanga lolote.

Mwezi wake wa Oktoba una maana nyingine. Katika hesabu ya kalenda, watoto waliozaliwa Januari na Februari huwa wakubwa kwa miezi minane au tisa kuliko yeye ndani ya mwaka uleule, na katika umri huu miezi hiyo ni urefu, uzito na nguvu za bega. Imejulikana kwa muda mrefu kwamba orodha za wachezaji bora wa umri mdogo hujaa waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka. Binti yako anawafunga hao akiwa mdogo wao. Kwangu mimi hiyo ni dalili yenye uzito zaidi kuliko vikombe, maana anashinda bila ya msaada wa kalenda. Upande wa pili ni kwamba akiingia kundi la chini ya 14 mwakani atakutana na wasichana wanaomzidi hadi miezi 21. Wasichana hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa na miaka kama 12, wavulana kama 14. Baadhi ya wapinzani wake watakuwa wameshamaliza kurefuka, yeye akiwa katikati ya safari hiyo. Atafungwa na wengine ambao hawamzidi ufundi hata kidogo. Mwambieni mapema, kabla ya mechi ya kwanza, ili kufungwa huko asikuone kuwa ni mwisho wa kipaji chake.

Na hapo ndipo ninaposimama na baba. Mtoto aliyezoea kushinda kila wiki, akitupwa ghafla kwenye ngazi ambayo anapoteza mechi sita mfululizo, huanza kucheza kwa woga. Anaacha kwenda wavuni, anaacha kujaribu mpira mpya aliofundishwa, anarudisha tu akiomba mwenzake akosee. Nimewaona watoto wa aina hiyo wengi, na kuwarejesha huchukua muda mrefu kuliko ule uliookolewa kwa kuwarusha ngazi. Ndiyo maana kupanda kunakofaa ni kwa kuchanganya: mashindano machache anayotarajiwa kushinda, mengi ambayo hakuna anayejua nani atashinda, na machache yaliyomzidi.

Kumrudisha mtoto kucheza na wa rika lake si kumdharau. Kila kiwango hufundisha kitu chake. Akicheza na waliomzidi hufundishwa kasi na kukimbia. Hana cha kupoteza na mkono huwa mwepesi. Akicheza na anaowazidi hufundishwa jambo gumu zaidi, yaani kubeba matarajio ya watu, kumaliza mechi anayoongoza 5–3 huku kila aliyeko pembeni akiwa ameshahesabu kwamba ni ushindi wake. Wapo watoto hodari sana wa kutikisa wakubwa ambao hawajui kumaliza mechi na mdogo wao.

Kuna suala la mechi ngapi atakazopata, ambalo wazazi wengi hulisahau. Mashindano ya mtoano ya wachezaji 32 yana mechi 31 tu za mchezaji mmoja mmoja. Nusu ya watoto, 16, hurudi nyumbani baada ya mechi moja. Mashindano ya makundi ya wanne humpa kila mtoto mechi tatu bila kujali matokeo. Basi anapopanda ngazi mpya, tafuteni mashindano ya makundi, au yale ambayo anayetolewa mapema huendelea kucheza na wenzake waliotolewa. Kusafiri siku nzima kwa ajili ya mechi ya dakika 50 si mafunzo, na mtoto anayafahamu hayo kabla yenu.

Ili kulinganisha wachezaji bila kutazama umri, siku hizi kuna namba za uwezo. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, lina namba ya dunia inayoanzia 40 kwa anayeanza hadi 1 kwa bingwa wa kulipwa, moja kwa mchezo wa mmoja mmoja na nyingine kwa wawili wawili. Ipo pia UTR, yaani Universal Tennis Rating, inayopanda kutoka 1 hadi 16.5. Zote mbili huwapima wasichana na wavulana, wakubwa na wadogo, kwenye kipimo kimoja. Zitumieni kutafuta wapinzani: mvulana wa miaka 12 mwenye namba inayokaribia ya binti yako ni mazoezi bora kuliko msichana wa rika lake anayefungwa 6–0. Msizitumie kumhesabia mtoto thamani yake kila Jumatatu. Simu inayofunguliwa kutazama namba kabla ya mtoto hajakausha jasho ni sumu, nami nawaomba wazazi ninaofanya nao kazi waifunge.

Katika kundi la chini ya 14 ndipo dunia inapoanza kufunguka. Mashirikisho ya mabara huandaa misururu yao ya mashindano. Ulaya, kwa mfano, ina orodha za ubora za chini ya 14 na chini ya 16, lakini wa chini ya 12 hucheza bila orodha, uamuzi ninaouunga mkono kwa moyo wote. Yapo mashindano ya mwaliko yenye sifa kubwa, kama Les Petits As ya Tarbes, Ufaransa, ambayo Rafael Nadal aliyashinda mwaka 2000. Na ipo michuano ya timu za mataifa: World Junior Tennis kwa wa miaka 14 kwenda chini, ambayo fainali zake hufanyika Prostějov, Jamhuri ya Cheki, tangu 1999, na kwa wa miaka 16 Junior Davis Cup ya wavulana na Junior Billie Jean King Cup ya wasichana. Mkipata nafasi ya timu, hata ya eneo tu, ichukueni. Tenisi ni mchezo wa upweke, na mtoto anayewahi kumchezea mwenzake aliyekaa pembeni akimshangilia hupata sababu nyingine ya kubaki katika mchezo.

Sasa hizo J. Mashindano ya kimataifa ya chipukizi ya ITF ni kwa wachezaji kuanzia siku wanapotimiza miaka 13 hadi mwisho wa mwaka wanapotimiza 18. Mpangilio wake tangu 2023 ni rahisi kuusoma, kwa kuwa namba iliyo kwenye jina ndiyo pointi anazopata mshindi wa mchezo wa mmoja mmoja: J30, J60, J100, J200, J300 na J500. Juu ya hizo ni Grand Slam nne za chipukizi, yaani mashindano makubwa kuliko yote, zinazochezwa Melbourne, Paris, London na New York katika viwanja vilevile vya wakubwa, na mshindi wake huondoka na pointi 1,000. Orodha ya ubora huchukua matokeo sita bora ya mmoja mmoja ndani ya wiki 52, na kuongezea robo ya pointi za matokeo sita bora ya wawili wawili.

Hiyo robo msiidharau. Kwa mchezaji mchanga anayetolewa mapema, wawili wawili ni mechi za ziada katika safari ileile, ni mazoezi ya sevu na ya wavuni, na ni pointi. Angella Okutoyi, Mkenya, alishinda taji la wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022 akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Taji kama hilo hutaka ufundi wa wavuni, ambao wasichana wengi wa miaka 12 hawafundishwi kwa sababu katika umri wao mechi hushindwa na kupotezwa kwenye mstari wa nyuma.

J30 inaonekana ndogo kwa sababu iko chini ya orodha, na hapo ndipo wazazi wanapojikwaa. Ni ya chini katika ngazi ya dunia ya watu wa hadi miaka 18. Msichana wa miaka 13 anaweza kupangiwa raundi ya kwanza mchezaji wa miaka 17 anayejiandaa kwa tenisi ya kulipwa. Asiye na pointi mara nyingi huanzia mechi za mchujo, au hupata mwaliko maalumu wa waandaaji. Ili aingie anahitaji namba ya usajili ya ITF iitwayo IPIN, na dirisha la kujiandikisha hufungwa takriban wiki nne kabla ya mashindano, kwa hiyo huwezi kuamka Ijumaa ukaamua kwenda. ITF pia imeweka kikomo cha mashindano ambayo mchezaji mdogo anaweza kucheza kwa mwaka, kikiongezeka kadiri anavyokua, na hakikuwekwa bure.

Historia ya vikomo vya aina hiyo inafaa kukumbukwa. Jennifer Capriati wa Marekani aliingia tenisi ya kulipwa Machi 1990 kabla hajatimiza miaka 14 na akafika fainali katika mashindano yake ya kwanza. Miaka michache baadaye aliondoka mchezoni akiwa amechoka, kabla ya kurudi na kushinda Grand Slam akiwa mtu mzima. Chama cha tenisi ya wanawake, WTA, kiliweka kanuni za umri katikati ya miaka ya 1990, na leo hakuna anayeruhusiwa kucheza mashindano ya kulipwa kabla ya siku anayotimiza miaka 14, tena kwa idadi ndogo mwanzoni. Anayefanya vizuri katika ngazi ya chipukizi hufunguliwa njia: katika mashindano madogo kabisa ya kulipwa, yaani W15 kwa wanawake na M15 kwa wanaume, kuna nafasi zinazotengwa kwa chipukizi walio katika 100 bora wa ITF.

Je, lazima mtoto apite njia hii yote ili afike juu? Hapana, na mifano iko wazi. Martina Hingis alishinda taji la wasichana Roland Garros, Grand Slam ya Paris, mwaka 1993 akiwa na miaka 12. Roger Federer alishinda Wimbledon ya wavulana mwaka 1998 na kumaliza mwaka huo akiwa chipukizi namba moja. Novak Djokovic hakushinda Grand Slam yoyote ya chipukizi. Jannik Sinner aliteleza kwenye theluji kwa mashindano mpaka miaka 13 ndipo akaichagua tenisi, na hakuwahi kuwa na orodha ya kutisha kama chipukizi. Kinachowaunganisha ni kwamba kila mmoja alicheza mechi nyingi za kiwango kilichomkaba bila kumkaba roho.

Basi kwenu nyumbani. Kwa miezi iliyobaki ya mwaka huu mwandikisheni mashindano ya chini ya 14 ya eneo, nusu kwa nusu na yale ya chini ya 12, mkitanguliza ya makundi. Mashindano ya taifa ya chini ya 12, kama yapo kabla ya Desemba, asiyakose, kwa kuwa hayo hayatarudi kwake tena. Januari aingie chini ya 14 moja kwa moja. Wekeni daftari, na baada ya kila mechi aandike mwenyewe mambo matatu: matokeo, mpira uliomsumbua, na kama alithubutu kupiga ule anaoujifunza mazoezini. Baada ya miezi minne kaeni watu wanne, yaani wewe, baba, kocha na binti mwenyewe, mlisome pamoja. Akiwa anashinda mechi mbili kwa moja dhidi ya wasichana wa 14, ngazi ya taifa ya kundi hilo inamngoja. Akiwa anashinda moja kwa mbili, endeleeni kuchanganya na wa eneo, bila aibu. Mkiona anarefuka kwa kasi na kulalamika maumivu ya goti, kisigino au bega, punguzeni idadi ya mashindano kwanza kabla ya kupunguza kitu kingine, na mpelekeni kwa daktari.

J30 isubiri. Kwa tarehe yake ya kuzaliwa hataruhusiwa kabla ya Oktoba ya mwakani, na hata akiruhusiwa mimi ningemtaka kwanza awe miongoni mwa wanaofika robo fainali za taifa za chini ya 14, na awe amewahi kucheza mashindano machache ya chini ya 16. Ya kwanza iwe ya karibu, apate mwenza wa kucheza naye wawili wawili mapema, na mumweleze kwamba safari hiyo itahesabiwa kwa mechi alizocheza. Kuhusu mwenza huyo, anzeni kumtafuta sasa. Wasichana wazuri wa kucheza upande wa kushoto au wa kulia wa uwanja hupata wenza mapema, na wawili waliocheza pamoja mwaka mzima huwashangaza wakubwa ambao wamekutana asubuhi ya mechi.